Vipele vya Nguo za Bi Tatu

Kabla ya yote naomba mnivumilie. Maisha yangu yote ya kazi nimeandika vibandiko vya chupa: "Tikisa kwanza", "Paka asubuhi na jioni", "Usinywe". Maneno hayo nayaandika bila kosa. Mengine huenda mkayakuta yamekosewa herufi, na mkono wangu umezoea nafasi ndogo, kwa hiyo mstari ukiwa mrefu huanza kupanda juu wenyewe. Shule yangu ilikomea ya msingi, na ukurasa mmoja hunichukua asubuhi nzima. Msipoweza kusoma mahali, njooni mniulize. Nipo nyumbani Chumbageni, sina tena pa kuwahi.

Nyinyi mliobaki dukani mliniambia niandike juu ya vipele na madoa mekundu ya ngozi, kwa kuwa ndivyo nilivyohangaika navyo kuliko kichwa na tumbo. Nimekubali, ila msidhani naandika kwa sababu nilivielewa. Kichwa kikiuma, mtu anakwambia kinauma. Kipele hakisemi. Kinakaa pale kinakutazama, nawe unakitazama.

Nilitoka Mkwaja nikiwa kijana mwenye haya kupita kiasi. Shikamoo yangu ilitoka kwa sauti ndogo hata wakubwa hawakuisikia, wakasema mtoto huyu hana adabu. Mjomba wangu alinipeleka Ngamiani kwa Bwana Hasanali, mwenye duka la dawa. Alikuwa Mhindi, Mwislamu, na baba yake naye aliuza dawa palepale. Siku ya kwanza alinisimamisha mbele kwenye meza. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama wa makamo.

"Nipe dawa ya muwasho," akasema.

Nikamuuliza, "Wapi?"

Akanitazama kutoka utosini hadi miguuni. "Wapi? Wewe kijana waniuliza wapi? Nikuoneshe?"

Dukani watu wakaangua kicheko. Nikarudi nyuma, nikakaa juu ya maboksi ya pamba mpaka adhuhuri. Bwana hakunigombeza. Alikuja na kipande kinene cha kioo na kisu kipana kisicho na makali, akaviweka mbele yangu. "Bakari, haya," akasema. "Ngozi ina haya kama wewe. Mtafaana." Akanifundisha kuchanganya marhamu: unga unauweka katikati, mafuta unayaongeza kidogo kidogo, unasaga kwa kisu huku na huku mpaka ukipitisha kidole husikii chembe. Chembe moja ikibaki itamkwaruza mgonjwa, naye atasema dawa yako ndiyo iliyomtia vipele. Kwa muda mrefu hiyo ndiyo kazi niliyoijua, na niliipenda kwa kuwa kioo hakiulizi swali.

Nyuma ya duka palikuwa na pazia, na nyuma ya pazia alikaa mke wa Bwana, Mama Gulbanu. Wanawake wa mji wetu hawakuwa tayari kumfunulia bega mwanamume wa dukani, basi waliingia kwake. Hata wanaume wenye vipele mahali pa aibu waliingia humo, wakatazamwa na Bwana. Kanuni ilikuwa moja: lililoonekana nyuma ya pazia halitoki mbele ya pazia. Hata jina la dawa halikutajwa kwa sauti. Mama Gulbanu alinipitishia chombo, nikajaza, nikakirudisha.

Wengine hawakutaka kufunua hata kwake, au walikuja kwa niaba ya mtu aliye nyumbani. Kwa hao kulikuwa na kisanduku cha bati kilichogawanywa vyumba vidogo, na ndani ya kila chumba nafaka yake: ulezi, mtama, choroko, dengu, kunde. Mteja alichagua punje inayolingana na kipele chake, akaiweka juu ya meza. Kisha Mama Gulbanu akauliza: chawasha au chachoma? Kilianza wapi? Chalala mchana na kuamka jioni? Ulezi uliotapakaa shingoni wakati wa joto ulikuwa harara, mtu anapewa poda na kuambiwa avae nguo pana. Mtama katikati ya vidole, unaowasha kitandani, ulikuwa upele wenyewe, na hapo nyumba nzima hutibiwa siku moja. Mengine yalikuwa kubahatisha. Watoto walizila zile choroko, na Bwana alilalamika kwamba hakuna duka jingine la dawa duniani linalonunua kunde kila mwezi.

Bwana alikuwa na kitabu chenye picha za magonjwa ya ngozi. Humo madoa yote yalikuwa mekundu kwelikweli, kwa sababu aliyepigwa picha alikuwa Mzungu. Kwenye ngozi kama yangu wekundu huo huwa zambarau, au weusi uliozidi, au huuoni kabisa. Nilivuruga akili yangu na kitabu kile mpaka Mama Gulbanu aliponishika mkono. "Usitafute kwa macho," akasema. "Weka mgongo wa kiganja. Penye moto ndipo pekundu." Hilo lishikeni. Na neno lake la pili lilikuwa hili: tuliza kwanza, jina litakuja. Kitambaa cha maji baridi, kucha zikatwe, kalamaini, ile dawa ya maji ya kutuliza muwasho, ipakwe nyembamba, halafu ngozi iachwe. Wagonjwa wengi waliponywa na kule kuachwa.

Kisha ikaja miaka ya kukosa. Mmeisikia kwa wazazi wenu: foleni ya sukari, foleni ya sabuni, foleni ambayo mtu aliingia kwanza akauliza baadaye ni ya nini. Sabuni zikapikwa majumbani, nyingine kali hata zikababua mikono. Mama Gulbanu akaanza kuuliza "Umefulia nini?" kabla ya "Waumwa nini?" Nilidhani ni umbea. Rafu zetu zikabaki na chupa tupu zilizopangwa vizuri. Kalamaini ilipokosekana tulitoa ushauri, lakini watu walitaka chupa. Ushauri hauna kibandiko.

Miaka hiyohiyo wenye maduka walisakwa kwa madai ya kuficha bidhaa. Watu walikuja kupekua kwetu mpaka chini ya kitanda cha Mama Gulbanu, wasipate kitu kwa kuwa hakukuwa na kitu. Lakini tangu siku hiyo Bwana akawa mtu wa maneno machache mbele ya watu. Aliyemtetea alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Sefu, aliyefanya kazi bandarini hadi alipostaafu. Alisimama mlangoni akawaambia wale wapekuzi, "Huyu hana kitu. Ningejua mimi, kwa maana ningekuja kumwomba." Mzee Sefu ndiye aliyegawa sabuni ya mtaa kwa kuikata na uzi vipande sawa, na kipande chake alikichukua mwisho. Nasema haya mapema ili msije mkamchukia mbele ya safari.

Biashara ilipoachiwa, vitu vikaja vyote kwa mpigo. Krimu za kung'arisha uso zilizowaacha wasichana na nyuso za moto. Sabuni za kila rangi. Na mitumba. Nguo zilizokuwa ndoto, sasa zilitandazwa chini kwenye turubai, unachagua huku umechuchumaa. Watu walizinunua na kuzisema papo hapo. Waliziita kafa ulaya, kwamba mwenyewe amekufa huko kwao na nguo zake zimeletwa kwetu.

Ng'ambo ya barabara, mbele ya duka letu, aliuza Bi Tatu. Alikuwa mjane, mnene, mwenye sauti ya kuita watu kutoka mtaa wa tatu. "Njooni, enyi msio na aibu ya kupendeza!" Nilipopita alinitania. "Bakari, waona haya kama mwali! Chukua suruali hii, labda mwenyewe alikuwa jeuri, ukiivaa utajifunza." Kila alichokuwa nacho alikitia kwenye robota lake la kwanza, mzigo mzima wa mitumba uliofungwa kwa kamba. Aliniambia, akilipiga kofi robota lile, "Mume wangu alikufa. Huyu ndiye mume wangu sasa, na huyu walau hakoromi."

Masika ya kwanza ya mitumba ndipo vilipoanza.

Mama mmoja alikuja akachagua mtama. Mgongoni kwa mwanawe, akasema, viwili vitatu, vyawasha. Tukampa kalamaini. Siku chache baadaye akarudi akachagua choroko. Kisha dengu. Kisha kunde, na sasa si kuwasha tena, kilichoma kama sindano, kwa vipindi. Sijapata kuona ugonjwa unaopanda nafaka kwa mpangilio namna ile. Wakaja wengine, kutoka nyumba zisizojuana. Kiunoni, mabegani, mapajani. Bwana alisema ni majipu, lakini hayakuwa na usaha wa maana. Tukatoa dawa ya upele, haikusaidia. Tukasema kunguni, watu wakatoa vitanda juani, haikusaidia. Mmoja akasema surua ya watu wazima. Nikaweka mgongo wa kiganja kwenye kipele cha mzee mmoja, palikuwa pa moto, na nilihisi kitu ambacho sikutaka kumwambia mtu. Nilihisi kama kimesogea.

Jambo moja tu lilikuwa wazi, na watu waliliona kabla yetu: waliougua wote walikuwa wamevaa nguo za Bi Tatu.

Mzee Sefu alikuja na mjukuu wake, Mwanahamisi, mtoto ambaye hajaanza shule, amembeba mwenyewe begani. Mtoto alikuwa na kivimbe ukubwa wa kunde nyuma ya bega, na katikati yake kitundu kama cha sindano. Siku hiyo kalamaini ilikuwa imetuishia kabisa. Mama Gulbanu akaniambia nilete mafuta ya mgando, ayapake mengi, walau ngozi ilainike. Akapaka, akafunika kwa pamba, akamwambia babu asubiri kidogo mpaka mtoto anyamaze kulia. Wakakaa palepale ndani, pazia limefunuliwa kwa ajili ya hewa.

Mtoto akanyamaza. Kisha akasema, "Babu, kinatembea."

Mama Gulbanu akaondoa pamba. Pale penye kitundu kilichomoza kitu cheupe, kikarudi, kikachomoza tena kikitafuta hewa. Akabana kwa vidole viwili, huku na huku, na funza mnene akatoka mzima. Mimi niliangusha kifuniko cha mkebe. Mzee Sefu akamchukua yule funza juu ya kipande cha pamba, akatoka naye mpaka barazani kwetu.

"Ametoka kwa mtoto wangu," akasema. "Mzima. Anatembea."

Mtu mmoja katika waliokuwapo akapiga kelele, "Funza wa maiti!"

Basi. Neno hilo halikuhitaji miguu. Kufikia alasiri mtaa wote ulijua kwamba nguo zile zilivuliwa maiti, na funza wao wamekuja nazo. Watu wakajaa kwetu kukamuliwa. Tulipaka mafuta, tukangoja, tukabana, tukasafisha kwa dawa ya vidonda. Wote walipata nafuu papo hapo. Kwa hiyo sasa tulijua kipele ni nini, na hatukujua chochote.

Mzee Sefu aliitisha wazee. Ikaamuliwa kwamba Ijumaa, baada ya sala, nguo zote za Bi Tatu zitolewe uwanjani zichomwe moto, na asiuze tena mtaani. Nadhani waliamua kwa huruma, kwa namna yao. Waliahidi kumchangia unga.

Bi Tatu alikuja dukani. Siku hiyo hakunitania.

"Bwana Hasanali, wewe ndiye daktari wetu. Toka useme neno moja tu. Sema hawatoki kwenye nguo zangu."

"Sijui wanatoka wapi, Bi Tatu," Bwana akajibu. "Nitasemaje nisichokijua?"

"Wao wanajua? Mbona wanasema?"

Mama mmoja wa Muheza, aliyekuja mjini kuuza machungwa na alikuwa akinunua dawa ya kichwa, akaingilia kati. "Hao kwetu Bonde tunawajua. Ni nzi. Anataga kwenye nguo mbichi, ukiivaa anaingia. Pigeni pasi tu."

"Mbona miaka yote hapa hatukuwaona?" Bwana akamuuliza.

"Hilo sijui, baba. Mimi nauza machungwa."

Bi Tatu alilishika neno hilo kama mtu anayezama. Alifungua robota mbele ya watu, akavuta blauzi ambayo haijaguswa, akaivaa juu ya gauni lake palepale. Alishinda na kulala nayo kwa siku kadhaa, kila asubuhi akifunua mikono yake barazani. "Tazameni! Iko wapi kunde? Uko wapi mtama?" Ngozi yake ilikuwa safi kama ya mtoto aliyeogeshwa.

Wanawake wenzake wakacheka kwa mdomo wa pembeni. "Mganga haugui kwa dawa yake," mmoja akasema. "Hao maiti ni wageni wake, watamlaje mwenyeji?"

Nami nilichanganyikiwa. Kama ni nguo, mbona yeye hana? Kama ni nzi, mbona shati langu la pamba lilianikwa uani kama nguo za wengine na mimi sina? Bwana aliwaambia wateja, kwa sauti yake ndogo, wapige pasi. Walimjibu, "Pasi itamfukuza maiti?"

Alhamisi, wakati watu wako kwenye sala ya alasiri na barabara imetulia, Mzee Sefu aliingia kwa mlango wa nyuma. Alikaa nyuma ya pazia, akavua kanzu, akatugeuzia mgongo. Chini ya bega vilikuwepo viwili, kila kimoja na kitundu chake.

Bwana alimkamua mwenyewe, mimi nikishika mkebe wa mafuta. Mama Gulbanu alikuwa ameshika ile kanzu, akipapasa kitambaa chake.

"Hii si ya Bi Tatu," akasema.

"Lo! Ya Bi Tatu?" Mzee akakasirika. "Hii mwanangu kaniletea kutoka Makka alipokwenda hija. Mpya, ndani ya mfuko wake. Hajaivaa mtu, hai wala maiti!"

Kisha akasikia alichokisema.

Mama Gulbanu akauliza pole pole, "Mwaipiga pasi, Mzee?"

"Hii tetroni? Mkaa si utaiyeyusha? Uzuri wake ndio huo, waifua, waianika, waivaa."

"Waianika wapi?"

"Kamba zimejaa siku hizi, kila mtu ana nguo. Yatandikwa juu ya majani, hapo penye ua."

"Na lile gauni la Mwanahamisi?"

"Nailoni tupu. Nalo hivyo hivyo."

Mama Gulbanu akamtazama mumewe, na Bwana akamtazama mkewe. Nilihitaji muda, kwa kuwa akili yangu huandika pole pole kama mkono wangu. Nguo zetu za pamba tulizipiga pasi siku zote, pasi ya mkaa ikaua mayai bila sisi kujua kwamba tunaua kitu. Ndipo ikaja mitumba ya nailoni isiyovumilia mkaa, mingi kuliko kamba, na mvua juu yake. Nzi alikuwa wetu. Alikuwapo siku zote, akitusubiri tupate nguo nzuri. Na blauzi ya Bi Tatu haikupata kufuliwa wala kuanikwa, ilitoka robotani ikaingia mwilini.

Mzee Sefu alivaa kanzu yake. "Haya yaishie hapa," akasema.

Mimi, ambaye sijapata kumkatiza mtu mzima, nikasikia sauti yangu ikisema, "Mzee, na Bi Tatu?"

Mzee alifunga vifungo vya shingoni kimoja kimoja, akatoka alikoingilia.

"Pazia, Bakari," Bwana akaniambia.

Nilishindwa kunyamaza. Nilimwambia kesho watachoma mali ya mtu. Nilimwambia sisi ndio tulio na ushahidi, kanzu mpya ya Makka, hakuna wa kubisha. Bwana alikuwa anaosha mikono, akaiosha muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Nikitoka nikasema Mzee Sefu alikuwa na funza mgongoni," akasema, "kesho kutwa ni mwanamke gani atakayeinua mkono wa gauni lake humu ndani? Watakaa na vidonda vyao majumbani mpaka vioze. Nitakuwa nimeokoa robota."

"Si robota," Mama Gulbanu akasema kwa ukali. "Ni mtu."

"Najua ni mtu!"

Hawakusemeshana tena siku hiyo. Nami nilikwenda nyumbani bila kujua nani kati yao ana haki. Kila nikimpa mmoja, mwingine anasimama mbele yangu.

Ijumaa baada ya sala watu walijaa uwanjani. Nguo zilikuwa zimemwagwa chungu moja, mikono ya mashati imetokeza huku na kule, na kibaba cha mafuta ya taa kando yake. Bi Tatu alikaa chini, mgongo kaegemeza kwenye chungu ile, kama kwamba wakiwasha wawashe na yeye. Bwana alisimama mlangoni pa duka, mkono kwenye mwimo. Alifungua mdomo mara moja, nilimwona, kisha akaufunga. Mpaka leo sijui alitaka kusema nini.

Mzee Sefu akaja kutoka msikitini, amevaa ile kanzu ya Makka. Wa kwanza kuona alikuwa mtoto, akanyoosha kidole. Tumboni, mahali pa mbele kabisa, palikuwa na alama kubwa ya hudhurungi, imechongoka mbele na kupanuka nyuma. Pasi ya mkaa ilikuwa imeketi pale. Kitambaa kilikuwa kimejikunja pembeni kama utando wa maziwa.

Alifika mbele ya chungu, akasimama ili kila mtu aione.

"Nguo hizi hazitachomwa," akasema. "Zitapigwa pasi. Kila mtu kwake. Na anayeanika juu ya majani aache."

"Balozi," kijana mmoja akapaza sauti, "hizo nailoni zitaungua!"

"Zitaungua kidogo. Weka kitambaa kibichi juu yake, haziungui. Mimi sikuweka."

Watu wakanong'ona. Mwanamke mmoja, yule yule wa maneno ya maiti, hakuweza kujizuia. "Kwani kanzu yako wewe ina nini, Mzee Sefu? Si ya Makka?"

Mzee akalitazama tumbo lake, akatutazama sisi sote.

"Ina pasi," akasema. Akakichukua kile kibaba cha mafuta ya taa, akaenda nacho kwake.

Hakuna aliyeuliza tena. Sijui ni wangapi walielewa. Wengine nadhani walielewa wakaona ni heshima kutoelewa. Bi Tatu alibaki amekaa pale pale, amejifunika uso kwa kanga, mabega yakimtikisika, tukashindwa kujua analia au anacheka. Halafu akashusha kanga, akachomoa shati moja chini yake, akalikung'uta.

"Haya, enyi msio na aibu ya kupendeza," akasema, sauti bado imekwaruza. "Nani wa kwanza?"

Vipele vilipungua. Havikwisha, kwa kuwa kuna watu mpaka masika yaliyofuata waliendelea kusema ni maiti, na hao ndio waliokuwa wateja wetu wazuri. Nyinyi mkiona kivimbe chenye kitundu katikati, kinachochoma kwa vipindi, msikimbilie sindano. Pakeni mafuta ya mgando mengi, ngojeni funza atoke kutafuta hewa, baneni pande mbili pole pole bila kumkata. Kisha safisheni, na mwulizeni mgonjwa nguo inaanikwa wapi. Akikatika akabaki ndani, au pakivimba sana na homa ikaja, mpelekeni hospitali.

Mzee Sefu ametangulia mbele ya haki. Haya ya mgongoni kwake nayaandika kwa ruhusa ya Mwanahamisi, ambaye sasa ni mama mwenye watoto wakubwa. Bwana na Mama Gulbanu nao hawapo. Nilifanya kazi nao miaka mingi baada ya hapo na sikupata kuwasikia wakilizungumza jambo lile, na mimi haya zangu hazikuniruhusu kuwauliza.

Lakini linanisumbua. Mzee Sefu asingekuja na kanzu ile iliyoungua, kibaba kingemwagwa na sisi watatu tuliokuwa tunajua tungesimama mlangoni tukitazama moshi. Siku nyingine nasema Bwana alikuwa sahihi, kwa maana kesho yake asubuhi wanawake waliingia nyuma ya pazia kama kawaida na kuinua mikono ya magauni yao. Siku nyingine namwona Bi Tatu ameegemea chungu ile, na sisemi hivyo tena. Nyinyi mna duka sasa, na kwenu pia watu wanaingia na siri zao wakati mtu mwingine nje anaumia kwa sababu ya siri hiyo. Mngetoka mkasema, au mngenyamaza? Nawaomba mniandikie jibu, kila mmoja kwa mkono wake, msishauriane. Na yule anayeona Bwana alikosea, aniandikie yeye kwanza.